Mafuta ya Parachichi na Mchaichai ya Mwanjelwa: Mapitio ya Harufu Iliyomo Ndani ya Chupa

Katika maduka yanayozunguka Soko la Mwanjelwa jijini Mbeya kuna duka dogo linalouza mafuta ya kupaka yanayotengenezwa hapo hapo, katika chumba cha nyuma, kwa parachichi zinazotoka Rungwe na Njombe. Bidhaa zake ni tano: mafuta ya mwili yenye harufu ya mchaichai, mafuta hayo hayo katika chupa ndogo ya watoto, mafuta ya mwili yenye harufu ya ndimu, mafuta ya midomo yaliyogandishwa kwa nta ya nyuki, na mafuta matupu ambayo hayakutiwa kitu. Duka silitaji jina, kwa kuwa mengi nitakayoyaeleza yanawahusu karibu watengenezaji wote wadogo wa vipodozi ambao nimepata kununua kwao, kuanzia Mbeya hadi Iringa, na si haki mmoja abebe lawama ya wote.

Ubora wa mafuta yenyewe hauhitaji maneno mengi. Yana rangi ya kijani kibichi iliyoiva, ni mazito bila kunata, na ngozi huyanywa taratibu. Wakati wa kipupwe, Juni na Julai, ambapo upepo wa Mbeya huipausha miguu ya mtu kabla hajafika kituo cha daladala, mafuta haya hushinda ya nazi kwa sababu moja rahisi: ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na hapa kwetu joto hilo ni la mchana wa jua kali, hivyo chupa hulazimika kuwekwa kwenye maji ya moto kila asubuhi. Ya parachichi hufanya ukungu kidogo alfajiri, kisha hurudi katika hali yake. Kama mapitio haya yangekuwa ya mafuta peke yake, ningeishia hapa kwa kuyasifu.

Lakini wateja wengi hawayanunui kwa ajili ya parachichi. Wanayanunua kwa ajili ya mchaichai, na hapo ndipo lebo inaponyamaza. Imeandikwa: mafuta ya parachichi, harufu asilia. Maneno hayo mawili ya mwisho hayamwambii mnunuzi ni mmea gani, ni sehemu gani ya mmea, imepatikana kwa njia gani, wala imetiwa kiasi gani. Swali la usalama wa kiambato cha harufu haliwezi kujibiwa bila mambo hayo manne, na la nne ndilo zito kuliko yote, kwa sababu kiambato kile kile huweza kuwa hakina tatizo katika sabuni inayosuuzwa baada ya dakika moja na kuwa tatizo katika mafuta yanayokaa mwilini kutwa nzima.

Nilimwuliza mwenye duka, naye alinijibu bila kuficha, jambo ambalo ni la kumsifu maana wengine huona swali la namna hiyo kuwa ni upelelezi wa kibiashara. Mafuta tete ya mchaichai, yaani yale mepesi kuruka yanayobeba harufu ya mmea, huyanunua kwa kikundi cha wakulima wanaoyakeneka kwa mvuke, na katika kila lita ya mafuta ya parachichi humimina kikombe kimoja kidogo, kile kinachofunika chupa ya dawa ya kikohozi, chenye alama ya mililita 10. Chupa ya watoto hujazwa kutoka ndoo ile ile. “Mwalimu, hii ni ya shambani, haina kemikali,” aliniambia. Nilimwitikia kwamba ninamwamini kuhusu shamba, ila kuhusu kemikali itabidi tukae tuhesabu, na mama huyo, kwa uungwana, alinivutia kigoda.

Mafuta tete ya mchaichai yana kemikali, tena moja kubwa kuliko zote. Kwa kawaida kati ya asilimia 70 na 80 ya mafuta hayo ni sitrali, mchanganyiko wa molekuli mbili zinazofanana, na ndiyo inayoleta harufu ya limau tunayoijua katika chai. Sitrali hiyo hiyo hutengenezwa viwandani kwa wingi, na ngozi haina namna ya kutofautisha iliyotoka kwenye jani na iliyotoka kwenye tangi. Imo katika orodha ya awali, iliyopanuliwa mwaka 2023, ya vizio 26 vya harufu (viambato vinavyoweza kuleta mzio) ambavyo Umoja wa Ulaya, kuanzia mwaka 2005, umevitaka viandikwe kwa majina yao kwenye lebo pale vinapozidi asilimia 0.001 katika bidhaa inayobaki mwilini, au asilimia 0.01 katika bidhaa inayosuuzwa. Kuwemo katika orodha hiyo si kupigwa marufuku. Maana yake ni kwamba watu wa kutosha wamewahi kupata mzio wa ngozi kutokana nayo, hivyo mwenye mzio ana haki ya kuijua kabla ya kununua.

Ili msomaji aelewe kwa nini niliomba kalamu na karatasi, ni vema nieleze kwa ufupi jinsi kiambato cha harufu kinavyopimwa na watu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Nchini Marekani iko taasisi ya utafiti wa malighafi za manukato, RIFM, iliyoanzishwa mwaka 1966, ambayo hukusanya vipimo vya kila kiambato, na matokeo yake hutumiwa na jumuiya ya kimataifa ya watengenezaji wa manukato, IFRA, iliyoundwa mwaka 1973, kuweka viwango vya matumizi. Kila kiambato huulizwa maswali yale yale: je, kinaharibu vinasaba, je, kinadhuru mwili kikitumiwa kwa muda mrefu, je, kinagusa uzazi, je, kinaizoesha ngozi vibaya hadi ipate mzio, je, kinageuka kuwa kikali kikipigwa na jua, je, kinadhuru njia ya hewa, na je, kikifika mtoni kinafanya nini. Pale ambapo hakuna vipimo, wataalamu huangalia molekuli ya jamaa yake wa karibu iliyokwisha kupimwa, au hutumia kiwango cha chini kabisa cha tahadhari ambacho chini yake hata kitu kisichojulikana hakitarajiwi kuleta madhara. Mtu anaweza kusema kwamba huo ni mfumo wa wenye viwanda kujipima wenyewe, na hoja hiyo ina uzito wake. Ndiyo maana Ulaya ina kamati huru ya kisayansi ya usalama wa walaji, SCCS, ambayo maoni yake mara kadhaa yamekuwa makali kuliko ya wenye viwanda.

Kwa sitrali, swali linaloleta wasiwasi ni la mzio. Haijulikani kuwa ni sumu ya vinasaba, na kwa miaka mingi imetumika kama kionjo cha vyakula na vinywaji. Ngozi ni habari nyingine. Molekuli ya sitrali huweza kujishikiza kwenye protini za ngozi, na askari wa kinga ya mwili wakishaitambua protini iliyobadilishwa kuwa ni adui, hawasahau. Mara ya kwanza mtu haoni kitu. Anaweza kupaka wiki nyingi, hata miezi, akiwa na amani, kisha siku moja shingo au mikunjo ya viwiko inawasha na kuvimba, na tangu hapo kiasi kidogo sana kinatosha kumrudishia hali hiyo, iwe kimetoka kwenye mafuta haya, sabuni ya vyombo au manukato ya jirani aliyemkumbatia harusini. Mzio wa aina hii hauna dawa ya kuuondoa. Kinachobaki ni kukiepuka kisababishi maisha yote. Ndiyo maana suala zima linahusu kutofika kwenye kiasi kinachouamsha.

Sasa hesabu. Mililita 10 katika lita moja ni asilimia 1 ya mafuta tete, na tukichukua kwamba robo tatu yake ni sitrali, tunapata asilimia 0.75 ya sitrali katika chupa. Kamati ya Ulaya niliyoitaja hukadiria kwamba mtu mzima anayejipaka losheni ya mwili hutumia gramu 7.82 kwa siku, juu ya eneo la ngozi la sentimita za mraba 15,670, naye huhesabiwa kuwa na uzito wa kilo 60. Nadhani mtu wa Mbeya mwezi Julai hutumia zaidi, lakini tuwape hao wataalamu nafasi yao. Katika gramu hizo 7.82 mna miligramu 58 na ushei za sitrali, yaani takriban miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa viongeza vya chakula ya FAO na WHO iliweka kiwango cha kila siku kinachokubalika kwa kula, kwa sitrali pamoja na jamaa zake wachache wa harufu, kuwa kisizidi miligramu 0.5 kwa kilo. Kwa hiyo, kama sitrali yote iliyopakwa ingeingia mwilini, mteja wa duka hili angekuwa anapata mara mbili ya kiwango hicho kabla hajanywa hata kikombe cha chai ya mchaichai.

Niharakishe kusema kwamba haiingii yote. Sitrali ni nyepesi kuruka, na kila tunachokinusa ni kile ambacho tayari kimeiacha ngozi na kwenda hewani; sehemu inayopenya ni ndogo kuliko hiyo. Simwambii yeyote aliyekwisha kutumia mafuta haya kwamba amejidhuru ndani ya mwili. Ninachosema ni kwamba mtengenezaji anayefikia kiwango cha tahadhari kwa hesabu ya karatasi, bila kujua kwamba amekifikia, anaendesha gari ambalo kipima mwendo chake kimefunikwa.

Kwa upande wa ngozi hesabu haimpendelei kabisa. Viwango vya IFRA vya sitrali hutofautiana kulingana na mahali bidhaa inapopakwa, na hata katika manukato ya kunyunyizia, yanayogusa sehemu ndogo ya mwili, kiwango hakifiki asilimia 1. Kwa losheni na mafuta yanayoenea mwili mzima kiwango ni cha chini zaidi, na asilimia 0.75 imekipita kwa mbali. Ushauri niliompa mama ni kwamba kikombe kile cha dawa ya kikohozi kiwekwe pembeni, kinunuliwe kibomba cha sindano kisicho na sindano, ambacho kila duka la dawa huuza, na mafuta ya mchaichai yapimwe mililita 1 kwa lita. Hapo sitrali itakuwa chini kidogo ya asilimia 0.08. Bado itakuwa imezidi sana kile kiwango cha Ulaya cha kuandikwa kwenye lebo, kwa hiyo neno sitrali litabaki kustahili nafasi yake kwenye karatasi, lakini bidhaa yenyewe itakuwa imerudi katika mipaka ambayo mtu makini anaweza kuitetea.

Chupa ya watoto ndiyo iliyonikosesha raha. Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa. Ngozi yake, ukiilinganisha na uzito wake, ni pana kuliko yetu: kamati ya Ulaya hueleza kwamba uwiano huo kwa mtoto aliyezaliwa sasa hivi ni mara 2.3 ya ule wa mtu mzima, na anapofikisha mwaka mmoja bado ni mara 1.6. Ile miligramu 1 kwa kilo, basi, inakuwa zaidi ya miligramu 2 kwa kichanga anayepakwa kama mama zetu wanavyopaka, kuanzia utosini hadi nyayoni, kisha akafungwa kanga na kuvishwa sweta la sufu, akiwa amefunikwa hivi kwamba harufu haina pa kurukia. Chini ya nepi, ambapo ngozi ni laini, ina unyevu na mara nyingi tayari imechubuka, chochote kinachopakwa hupenya kwa urahisi zaidi. IFRA huziweka bidhaa za watoto katika kundi lao peke yake lenye masharti makali kuliko ya watu wazima, na mimi nakwenda mbele zaidi: kichanga hahitaji harufu yoyote. Mwenye kununua kwa ajili ya mtoto aombe yale mafuta matupu. Bei ni ile ile, na katika duka hili yapo kwenye rafu ya chini, upande wa kulia, yakiwa yamesahaulika kwa sababu hayanukii.

Mafuta ya midomo nayo yametiwa mchaichai kwa kiasi kile kile, na hapo tatizo ni la aina nyingine: kinachopakwa mdomoni huishia kulambwa, na ngozi ya mdomo ni nyembamba. Nta ya nyuki na parachichi zinatosha kabisa kuzuia midomo kupasuka. Sikuona sababu ya kiambato hicho kuwamo, na mwenye duka alikiri kwamba alikitia kwa kuwa ndoo ilikuwa karibu.

Nije kwenye ndimu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo bidhaa pekee ya duka hili inayopaswa kuondolewa rafuni bila kusubiri lebo mpya. Haitengenezwi kwa mafuta yaliyokenekwa. Maganda ya ndimu hukwanguliwa, hulowekwa katika mafuta ya parachichi yaliyopashwa moto, kisha huchujwa. Njia hiyo inavutia kwa unyofu wake, lakini inatoa ganda zima na vilivyomo, yakiwemo makundi ya molekuli zinazoitwa furanokumarini, na maarufu kati ya hizo ni begapteni. Molekuli hizi ni nzito, hazipandi na mvuke kwa kiasi cha maana, ndiyo maana mafuta ya ndimu yaliyokenekwa hayana shida hii. Lakini huyeyuka vizuri katika mafuta. Zikikaa juu ya ngozi na kupigwa na miale ya urujuanimno ya jua, huunguza. Kwa kawaida uwekundu hujitokeza baada ya saa 24 hivi na kuzidi siku ya pili au ya tatu, wakati mwingine pamoja na malengelenge, na baada ya hapo hubaki madoa meusi yanayoweza kukaa wiki au miezi. Si mzio, humpata yeyote, mara ya kwanza kabisa, akikutana na kiasi cha kutosha na jua la kutosha. Kwa mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa bila moto, IFRA imeweka kikomo cha asilimia 0.7 katika bidhaa inayobaki kwenye ngozi inayoona jua. Katika maganda yaliyolowekwa hakuna anayeweza kujua asilimia ni ngapi, kwa sababu kila ndoo hutoka na yake.

Na hapa kwetu jua linadanganya. Mbeya iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na miale ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Hewa ni baridi, mtu hahisi kuungua, anashinda Uyole shambani au sokoni akiwa amejifunika khanga mabegani lakini mikono na shingo viko wazi. Kinachosikitisha zaidi ni kwamba mafuta ya ndimu hununuliwa hasa na akina dada wanaoamini kwamba ndimu hung'arisha uso. Begapteni hufanya kinyume cha kile walichokilipia.

Kuna msomaji atakayeuliza kama basi si afadhali kununua losheni ya dukani iliyotoka nje, yenye harufu ya kiwandani. Sioni kwamba swali linajibika kwa kuchagua upande. Upo mfano wa Lilial, harufu ya maua iliyotengenezwa na binadamu, iliyotumika kwa miongo mingi katika losheni, shampuu na manukato, hadi Umoja wa Ulaya ulipoitambua kuwa inahatarisha uzazi na kuipiga marufuku katika vipodozi kuanzia tarehe 1 Machi 2022. Kabla yake ilitangulia Lyral, iliyoondolewa kwa sababu ya mzio. Harufu hizo mbili hazikutoka kwenye mmea wowote. Begapteni imetoka kwenye ndimu ya bustanini. Kinachotofautisha ni kwamba kampuni kubwa hulazimika kuandika kilichomo, na mnunuzi anayejua kusoma herufi ndogo anaweza kukikwepa. Jirani yetu wa Mwanjelwa halazimiki, au tuseme bado hajalazimishwa. Kwa Tanzania, usimamizi wa vipodozi ulihamia Shirika la Viwango, TBS, mwezi Julai mwaka 2019, kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA. Chupa za duka hili hazina alama ya TBS. Mwenye duka anasema ameanza kufuatilia kupitia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ambako wajasiriamali wadogo husaidiwa kuandaa bidhaa na kuelekezwa huko, nami sina sababu ya kutomwamini. Hata hivyo alama hiyo ikipatikana haitamwondolea kazi ya kupima kwa kibomba kila anapojaza ndoo.

Jambo jingine ambalo ningependa lirekebishwe ni chupa zenyewe. Ni za plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, na zimepangwa dirishani ambapo jua la mchana huzipiga moja kwa moja. Mafuta tete yakikutana na hewa na mwanga hubadilika. Limonini, ambayo imo kidogo katika mchaichai na kwa wingi katika ndimu, ikiwa mpya ni kizio dhaifu, lakini ikishaunguzwa na oksijeni hutoa hidroperoksidi, ambazo ni vizio vikali zaidi. Mafuta ya parachichi nayo huchacha. Chupa niliyoinunua kutoka dirishani ilikuwa na harufu iliyoelekea tapentaini, huku ile iliyotolewa chumba cha nyuma ikinukia mchaichai safi, ingawa mwenye duka alisema zote mbili ni za ndoo moja. Anayekwenda aombe ya nyuma, na aulize ilijazwa lini, kwa kuwa tarehe haijaandikwa popote.

Baadhi ya wateja niliowakuta hapo walinieleza kwamba wao hujaribu mafuta mapya kwa kupaka kidogo nyuma ya mkono, wasipowashwa hadi jioni wanayachukua. Jaribio hilo lina faida kwa mtu ambaye tayari ana mzio, na kwake ni bora lifanywe kwenye mkunjo wa kiwiko, asubuhi na jioni, kwa siku kadhaa mfululizo. Halimwambii lolote mtu ambaye mzio wake haujaanza, maana kinga ya mwili huhitaji wiki moja au mbili, na mara nyingi zaidi ya hapo, kujifunza kumkataa mgeni. Mwenye ukurutu, mwenye michubuko, au aliyetoka kunyoa asiyapake ya mchaichai kabisa mahali hapo, kwa sababu ukuta wa ngozi ukiwa na ufa, kiasi kilichokuwa kidogo hakiwi kidogo tena.

Huduma ya duka ni nzuri. Ukirudi na chupa yako iliyooshwa na kukauka unapunguziwa bei, unaruhusiwa kunusa kabla ya kulipa, na mwenye duka hajifanyi daktari, hasemi mafuta yake yanatibu chochote, jambo ambalo peke yake linamtofautisha na nusu ya wauzaji wa vipodozi wa mtaa ule. Mililita 100 za mafuta matupu huuzwa shilingi 6,000, na za mchaichai bei hiyo hiyo. Kwa mtu mzima mwenye ngozi isiyo na historia ya mzio, mafuta matupu ningeyapa alama za juu kabisa. Ya mchaichai, kwa kipimo cha kikombe, nisingeyapaka mwili mzima kila siku, ingawa kidogo kwenye miguu jioni si jambo la kukosesha usingizi. Ya watoto na ya midomo nisiyanunue yakiwa na harufu. Ya ndimu nisiyanunue.

Baada ya mazungumzo yetu mama alikubali kunitengenezea lita moja kwa kipimo cha mililita 1, akitumia kibomba nilichomletea, na akaijaza katika chupa za kahawia zilizokuwa na dawa ya maji na kuchemshwa. Harufu yake ni hafifu, imekwisha kabla ya saa sita mchana, na mke wangu analalamika kwamba haisikiki akiwa amevaa sweta. Mama ameamua kuiweka rafuni pembeni ya ile ya zamani aone wateja watachagua ipi. Anayeitaka amwambie anataka ya chupa ya kahawia, kwa sababu lebo zake mpya bado hazijatoka kwa mchapaji.